Sote Tumo Kwenye Picha ya Mawingu

Ninyi mama wenye watoto wanaojua mambo, nisikilizeni kabla hamjafungua mdomo sokoni. Mimi niliufungua.

Binti yangu Madina alikuwa akifanya kazi ya hali ya hewa Tororo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ile sabini na saba, mshahara ukakatika, akarudi kwangu Busia na mtambo wa kupokea picha uliotupwa kwa ubovu. Akautengeneza mwenyewe. Uani akasimamisha nyaya juu ya mwanzi, ndani akaunga betri ya lori la marehemu baba yake. Kila asubuhi, saa tatu hivi, chombo anachokiita setilaiti kilipita juu mbinguni. Hatukukiona, ila sauti yake tuliisikia: tiki-taka, tiki-taka, kama saa yenye homa. Roli ya karatasi ikazunguka, sindano ikachora mstari mmoja mmoja, na baada ya robo saa pana picha.

Picha yenyewe? Masizi yaliyomwagiwa uji. Madina akanionyesha.

"Hili doa jeusi ni ziwa, Mama. Weupe huu ni mawingu. Busia iko hapa." Kidole chake kilifunika wilaya nzima.

"Na mimi nimo?"

"Umo, Mama. Sote tumo. Lakini hata mji hauonekani, sembuse wewe."

Nilielewa? Sijui. Lakini aliniambia siku ya kuanika muhogo na siku ya kuuacha, na mara nyingi alipatia. Wanawake sokoni wakauliza, Mama Madina, unajuaje? Nikajibu kwa majivuno, "Mwanangu ana picha inayopigwa kutoka juu. Sote tumo." Ile nusu ya pili sikuisema.

Wilkister, anayeleta vitunguu kutoka upande wa Kenya, akacheka. "Basi dada, kesho najifunga leso mpya."

Wengine hawakucheka. Nyakati hizi nusu ya Busia inakula kwa magendo ya kahawa, na wa magendo akishikwa ni risasi. Jioni jirani yangu Ariokot akaja na kuku. "Mpe binti. Kama amemwona mume wangu, amfute." Nikamwambia hapigi yeye, inapiga setilaiti. Akaacha kuku, akakimbia.

Siku ya tatu akaja afande na gari la jeshi, karatasi ya picha bado ina unyevu.

"Wewe binti. Onyesha mimi watu napitisha kahawa."

"Afande, hapa hakuna mtu. Ni mawingu."

"Mama yako nasema sokoni watu yote iko ndani."

Madina akanitazama. Mtazamo ule bado ninao.

"Nilisema, afande, lakini..."

"Lakini nini? Iko ama hapana iko?"

"Wamo. Ila hawaonekani."

"Wewe nacheka na serikali?" Akaisogeza picha machoni, akaishika juu chini, ziwa likaenda juu. Sikujua kama nimwambie. "Kesho saa tatu narudi. Nataka picha bila mawingu, na alama: huyu, huyu, huyu. Hapana alama, binti nakwenda na mimi."

Akiweka alama, anamuua jirani. Asipoweka, anauawa yeye. Na Madina bado ananieleza mstari mmoja wa picha unabeba maili ngapi! Nikamwambia nyamaza, vaa leso.

Mchana Wilkister akavuka mpaka kurudi kwao na vikapu vitupu, Madina nyuma yake kabeba kimoja kichwani. Askari wa kizuizi akauliza, huyu nani?

"Mke mwenzangu. Unataka nikuachie? Anakoroma!"

Askari akacheka, wakapita.

Kesho yake nilimwambia afande kwamba binti ameenda Merikit kwa shangazi yake. Akanipiga kofi, kisha akaniamuru niwashe mtambo. Kuwasha tu ninajua. Tiki-taka, tiki-taka. Picha ikatoka nyeupe tupu, ziwa lenyewe halikuwepo.

Afande akaikodolea macho. "Nafunika," akasema polepole. "Watu ya magendo najua mimi naangalia, nafunika."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ningefanya nini? Akabeba mtambo, nyaya, hata mwanzi. Kizuizini akaacha amri: huyu mama akivuka, afuatwe.

Basi Madina yuko ng'ambo, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, na huu ni mwezi wa nane sijamwona. Ariokot, kwa ajili ya mdomo wangu, haniitikii salamu. Wilkister huniambia mtoto anakula vizuri, amenenepa hata. Sijui kama ni kweli, au ananihurumia.