Mayai ya Bi Mwanamkasi

Mama yangu, Bi Mwanamkasi, ametia hina nusu ya maharusi wa mtaa wetu wa Mabawa. Tangu binti yangu Khairat azaliwe, mama ameahidi kumtia hina yeye mwenyewe siku yake ikifika. Sasa harusi ni wiki ijayo, kabla Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haujaisha, na mikono ya mama inatetemeka. Si kidogo. Kikombe cha chai kikimfikia mdomoni kimeshabaki nusu. Daktari alimpa vidonge, mama anavimeza, na mikono inaendelea na shughuli zake. Nimeshazungumza kimyakimya na Hasina wa Usagara aje kumtia hina Khairat, ila ulimi wa kumwambia mama sijaupata.

Jirani yetu Mama Agnesi, Mbondei wa Muheza, kila Pasaka huwaandalia watoto wa kanisani kwao mayai ya rangi. Mwaka huu aliona kwenye simu mayai yenye mawimbi kama marumaru, akaja tumsaidie, maana sufuria kubwa ya pilau iko kwangu. Alasiri ya Ijumaa Kuu tukakaa uani. Unalowesha yai bichi, unalivingirisha kwenye mchele na maganda makavu ya vitunguu, unalifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, unakaza uzi, kisha unachemsha kwenye maji yenye siki.

Mama alikuwa mkekani. Alipotuona akacheka, akasema tunafunga ovyo. Eti bibi harusi akishatiwa hina hufungwa mikono vivyo hivyo, na katika kufunga hakuna wa kumfundisha yeye. Akataka apewe yai.

Nikampa. La kwanza lilimpasukia mapajani. La pili likaponyoka likaishia sakafuni. Mama Agnesi akageuka kuchochea moto ambao haukuwa na shida yoyote. Niliponyoosha mkono nimsaidie, mama akanitupia lile jicho ninalolijua tangu utotoni, nikaurudisha. Nilikasirika, tena sana, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nikawa naokota makaka ya mayai tu. Hatimaye akafunga moja, likakaa. Kitambaa kimepindana, uzi umepita unakotaka wenyewe, mchele umemwagika. Akafunga na jingine.

Yalipoiva na kupoa, tukayafungua. Yangu yalikuwa mazuri. Ya mama yalipendeza zaidi: kahawia imeingia kwenye dhahabu, wekundu umekatika njiani, hakuna mstari uliofanana na mwenzake. Mama Agnesi aliyapaka mafuta kidogo yakang'aa.

"Bi Mwanamkasi, mikono yako bado ina baraka," akasema. Alisema kwa wema wake, maskini, hakujua anachokianzisha.

Mama alilishika yai, nalo likawa linacheza kiganjani mwake. "Mwaona," akasema. "Khairat nitamtia mwenyewe."

Nilijua yale mawimbi ni kazi ya maganda na maji ya moto. Angefunga mtoto mdogo yangetoka vilevile. Nilifungua kinywa kumwambia, nikajikuta nauliza kama siki imebaki.

Mama Agnesi alipoondoka na mayai yake, mama akatoa hina aliyokuwa ameiloweka tangu jana bila kuniambia. Kumbe alikuwa anangoja dalili.

"Lete mkono, Tausi. Nijaribu kwako kwanza."

Nikampa. Kijiti kiligusa kiganja, kikaruka, kikarudi. Ua likawa doa. Jani lilianzia kwenye kidole likaishia kwenye kifundo cha mkono. Zamani mama alikuwa akichora huku anapiga soga, hata haangalii. Sasa alikuwa ameuma mdomo na jasho linamtoka. Nilikodolea macho ukuta ili asinione ninavyolia.

Akasimamisha kijiti. Aliutazama mkono wangu, na mimi nikangoja aseme kwamba hawezi. Alivuta kipande cha kanga kilichobaki kwenye mayai, akaufunga mkono wote, akazungusha uzi na kuukaza kwa meno.

"Usifungue mpaka asubuhi," akasema. "Itajipanga yenyewe humo ndani."

Nikamwitikia, ndiyo mama. Akanyanyuka kwenda kutawadha kwa ajili ya Magharibi, ana furaha ambayo sijaiona tangu mwaka jana. Mimi nikabaki uani na mkono wangu uliofungwa, naomba asubuhi ichelewe.