Ndama Aliyeshinda Chanjo

Asubuhi ile wenye mtaji walipokuwa njiani kuja kijijini Buswahili, ndama mmoja wa mama Ghati alikataa kunyonya. Isaya, daktari wa mifugo kutoka Bunda, alimpapasa chini ya sikio akakuta tezi imevimba kama yai. Akamvuta pembeni mtafiti wa chanjo, Matrida.

"Dada, huyu tulimchanja. Wageni wakimwona tumekwisha. Tumpeleke kwa jirani mpaka waondoke."

"Muache hapo hapo. Niletee darubini."

Chanjo ya ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ilikuwa kazi ya Matrida. Aliitengeneza katika maabara ndogo aliyopanga Makoko, mjini Musoma. Chanjo iliyozoeleka husafirishwa kwenye mitungi ya baridi kali. Yake ilikaa kwenye friji ya kawaida. Kampuni moja ya uwekezaji ya Dar es Salaam, ambayo kazi yake ni kuuchukua ugunduzi wa namna hiyo na kuuanzishia kampuni, ilitaka kwanza kuona ng'ombe.

Wageni walikuwa wawili: Sara, mkuu wa uwekezaji, na mshauri wake wa sayansi, Stanislausi. Walimkuta Matrida amepiga magoti zizini, anavuta majimaji ya tezi kwa sindano. Akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi, akasubiri, kisha akainama kwenye darubini.

"Ni ndigana," alisema. "Kwa huyu chanjo yangu imeshindwa. Njooni muone."

Isaya aliangalia chini. Mama Ghati hakuwa na habari na wageni. "Atapona?"

"Tumemuwahi, mama. Isaya anamchoma dawa sasa hivi."

"Basi sawa. Zamani walikuwa wanakufaga wengi hapa, mvua zikianza. Safari hii ni huyu tu."

Stanislausi aliinua uso kutoka kwenye darubini. "Imeshindwa kwa nini?"

"Sijui bado. Ila baada ya kuchanjwa, huyu na mama yake walikaa kwa ndugu wa mama Ghati kule Bunda, karibu na hifadhi. Nyati wanavukaga pale. Nadhani kupe wao wana vijidudu vya aina ambayo chanjo haiitambui. Mkinipa mtaji, hilo ndilo swali la kwanza."

Sara alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wengi wangetuficha huyu ndama."

"Mwingine kama huyu angekuja kufia mikononi mwenu baadaye."

"Kampuni tunazoanzisha tunaziwekea mkurugenzi wetu, Daktari Matrida. Na maabara tungependelea iwe Nairobi. Ni rahisi zaidi."

"Mkurugenzi wa fedha na mikataba leteni, nitamshukuru. Sayansi naiongoza mimi. Na maabara haitoki Musoma. Ugonjwa uko hapa, na ng'ombe wako hapa."

Stanislausi alimtazama Sara. Sara alifikiri kidogo, akacheka taratibu. "Nitayapeleka kwenye bodi hivyo hivyo ulivyosema."

Bodi ilibishana, mwisho ikakubali. Maabara mpya ikafunguliwa Musoma, na mkurugenzi aliyeletwa, Agness, mtu wa hesabu aliyekulia mjini humo humo, akaanza kwa kununua jenereta kabla hajaombwa.

Isaya alipewa kazi ya kukusanya kupe pembezoni mwa hifadhi. Siku ya kwanza alipiga simu kutoka Bunda, sauti imejaa vumbi.

"Dada, wapo wa kutosha."

"Leta wote," alisema Matrida, akavaa glavu.