Furukombe wa Kabla ya Saa Sita

Tangu Bernado amkabidhi ile kamera asubuhi pale Musoma, moyo wa Hyasinta ulikataa kutulia. Kamera ilikuwa ya parokia, wakiitumia kwa zamu. Kazi ya kuongoza wapiga picha kwenye hoteli ya watalii kule Bunda ilikuwa moja, na wote wawili walikuwa wameiomba. Sasa mshindani wako akuambie, "Nimeshakuwekea setingi za ndege, usiguse kitu," wewe ungemwamini? Thubutu!

Hoteli ilitaka picha moja tu ya furukombe, yule tai wa ziwani, akinyakua samaki, itumwe kabla ya saa sita mchana. Boti aliyokodi ilipokaribia kisiwa cha Rukuba, Hyasinta alibonyeza nusu kitufe cha kupigia picha ili fokasi ishike, kama alivyozoea. Lenzi haikutikisika. Akabonyeza tena. Kimya.

"Kaniweza!" alifoka. "Kaiharibu makusudi, mshenzi huyu!"

"Bernado hayukogi hivyo, dada," alisema Ryoba, mwenye boti.

"Unamjua kuliko mimi? Asubuhi alikuwa anachekacheka nini?"

Akafuta setingi zote, akarudisha zile anazotumia kwenye harusi: fokasi itafute sura ya mtu, ikishaipata igande hapohapo. Akamjaribia Ryoba, akatoka safi kabisa. Hapo roho yake ikatulia kidogo.

Ryoba akapiga mluzi, akarusha majini sato mdogo, wa pekee waliyekuwa naye. Furukombe akashuka, kucha mbele, karibu kabisa na bega la Ryoba. Hyasinta akabonyeza mfululizo. Ndege akaenda zake na samaki wake.

"Akishakula huyo, leo harudi tena," alisema Ryoba.

Picha ishirini na tatu. Katika kila moja Ryoba alionekana mpaka vinyweleo vya ndevu, na pembeni yake ukungu wa kahawia. Hyasinta alitamani kulia.

Simu ikaita, akaipokea, sauti ikasikika boti nzima.

"Umempata?" Alikuwa Bernado. "Nilisahau kukwambia, fokasi nimeihamishia kitufe cha nyuma, pale kwenye dole gumba. Ukikishikilia, jicho la ndege halikuponyoki. Mimi wamenikataa tangu Ijumaa, nikasema basi angalau wewe upate. Kamera haijakusumbua?"

Hyasinta aliangalia saa. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Haijanisumbua," alisema. "Ndege ndiye hakuja."

Ryoba alimwangalia usoni, kisha akavuta kamba ya injini.