Makucha ya Noreen

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi ni mtu wa hasira, na majuma yale ya kabla ya kumsimika mkuu wetu mpya nilikuwa na haki ya kukasirika. Jina langu ni Lyle Kostiuk. Ninafundisha kazi ya nyaya za umeme katika Chuo cha Ufundi cha Kestrel Forks, huku kaskazini mwa Alberta, Kanada, na kabla ya kufundisha nilikuwa nyapara wa kikosi cha mafundi wa nyaya. Kila aliyepanda nguzo chini yangu anajua kwamba sisifu ovyo. Kwa hiyo mtajua uzito wa neno hili: Noreen Desjarlais ndiye fundi bora kuliko wote niliowafundisha, na mwezi wa kumi mwaka jana alisimikwa kuwa mkuu wa chuo chetu.

Ukipita kwenye korido ya jengo la utawala utaona picha za wakuu waliotangulia. Wa kwanza alikuwa seremala, na fremu ya picha yake aliichonga mwenyewe. Wa pili alikuwa nesi wa jeshi. Wazee wanasema hata walimu wa kuchomelea vyuma walikuwa wakikimbilia sabuni wakisikia viatu vyake. Baadaye mambo yakabadilika. Akaja mtu wa benki, akaja aliyekuwa naibu waziri, akaja profesa wa historia, mtu mpole sana, ambaye siku moja aliuliza kama nguzo zetu za mazoezi zingeweza kuhamishwa kwa sababu zinaharibu mandhari. Sina ugomvi nao, kila mmoja alijenga alichojenga. Lakini tangu yule nesi hapakuwa na mkuu aliyewahi kurudi nyumbani na nguo za kazi zinazosimama zenyewe kwa uchafu.

Noreen alizijua hizo nguo. Alikuja kwangu msichana mwembamba, Mmetis, yaani wa uzao wa wenyeji wa asili na Wazungu, kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, na wanaume wa kikosi wakacheka. Siku yake ya kwanza kwenye nguzo nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mwanafunzi akifika juu: "Unaona nini?" Wengi huangalia chini, hujibu kwamba wananiona mimi. Yeye aliinua uso, akatazama ng'ambo ya mto, akasema, "Naona kwetu. Bibi ameanika blanketi." Hakuna aliyecheka tena. Alipanda na sisi kwenye dhoruba za barafu zilizoangusha nyaya wilaya nzima, na alama ya mojawapo anayo kidevuni mpaka leo, pale tawi lilipomchana. Kisha kampuni ya umeme iliyotuajiri ikamhamishia kwenye usalama kazini. Akasoma shahada kwa njia ya posta, usiku akiwa kwenye vyumba vya moteli kandokando ya barabara kuu, akaja chuoni kufundisha masomo ya jioni kuhusu sheria za usalama, akawa mkuu wa idara, akawa naibu, na sasa hiki kiti. Nilivimba kichwa jamani. Pale dukani ninapokunywa kahawa waliniomba nizungumzie jambo jingine.

Halafu ratiba ya sherehe ikachapishwa. Ndani yake kulikuwa na maelezo ya mkuu mpya, na yalisema kwamba Bi Desjarlais ni "kiongozi mwenye uzoefu mpana katika sekta ya nishati na elimu ya juu". Basi. Nguzo hakuna, nyaya hakuna.

Nilimsubiri asubuhi kwenye uwanja wa mazoezi, maana hupitia huko akienda ofisini. Niliketi nyuma ya pikapu yangu na vikombe viwili vya kahawa.

"Sekta ya nishati," nikamwambia. "Hata muuza kuni yuko kwenye sekta ya nishati."

Akacheka, ila kicheko chenyewe hakikwenda mbali. "Bosi, usinianze asubuhi hii."

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Watu wa mawasiliano. Crombie akaupitisha."

Ainslie Crombie ni mwenyekiti wa bodi, mwanasheria, mtu nadhifu ambaye sijawahi kuona koti lake likikunjika.

"Na wewe ukakubali?"

"Nilisema nitafikiri." Akapuliza kahawa yake. "Tunaomba kupandishwa hadhi tuwe chuo kikuu, Lyle. Crombie anasema wanaotuamulia wanataka kuona mkuu mwenye sura ya mkuu."

"Sura ya mkuu ikoje?"

"Sijui. Nadhani haina hii." Akagusa kovu la kidevuni.

"Siku ile utapewa nafasi ya kuzungumza. Utaitaja kazi yako au hutaitaja?"

"Sijui," akasema. "Miaka mingi nimekuwa nikiingia kwenye vyumba vya mikutano, watu wananiuliza maziwa yako wapi. Wananidhania mhudumu. Sasa nimepewa kiti chenyewe. Sitaki siku ya kwanza waanze kunipima upya."

Nilikasirika, kisha nikaumia, na kuumia kulinikaa zaidi. Kama Noreen angesimama mbele ya wanafunzi wetu na kujifanya hajawahi kufunga mkanda wa kupandia, wale watoto wangeelewa nini? Wangeelewa kwamba kazi tunayowafundisha ni ya kupitia tu, na ukifanikiwa unaificha.

Nikaenda kwa Hank Vandersteen. Hank tulikuwa naye kikosini, ana sauti ya kuamsha mtaa, na ndiye aliyetoa wazo.

"Kama hataki kusema, tutasema sisi," alisema. "Tutundike makucha yake."

Makucha ni vile vyuma vyenye ncha tunavyofunga miguuni tukipanda nguzo za mbao. Kwenye uwanja wetu iko nguzo moja ya zamani ambayo hatufanyii mazoezi. Fundi akiacha kazi kabisa, makucha yake hutundikwa juu ya nguzo ile, na hakai nayo tena. Hatundiki mwenyewe. Anayepanda kuyatundika lazima awe mtu aliyefundishwa naye. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na wapo wanaume wazima ambao wamelia hapo chini wakasingizia upepo.

Makucha ya Noreen yalikuwa kabatini kwangu, ambako aliyaacha. Niliona kila mwaka, majira ya joto, yanatoweka siku kadhaa kisha yanarudi yamenolewa. Nikadhani mwenzangu mmoja anayaazima, nikanyamaza. Nikaipaka mikanda yake ya ngozi mafuta, nikang'arisha vyuma. Tuliona wazo letu halina kasoro. Lilikuwa na kasoro kubwa, na mtu yeyote wa kazi yetu alipaswa kuiona, ila furaha ilitufunga macho.

Siku ya sherehe theluji ya kwanza ilianguka. Ukumbi ulijaa. Mzee mmoja wa Kikri, kabila la wenyeji wa asili wa huku, alitubariki na kupiga ngoma, mjomba wa Noreen akapiga fidla mpaka watu wa viti vya nyuma wakaanza kukanyaga sakafu kwa mdundo. Noreen aliingia na joho jeusi, mkufu wa chuo shingoni, na mshipi mwekundu wa kufumwa wa Wametis juu ya joho. Nilikuwa safu ya tatu na Hank. Wanafunzi wetu wa nyaya walisimama ukutani na kofia zao ngumu mikononi.

Crombie akasoma. Sekta ya nishati ikaja, ikapita. Hank akanong'ona tusi ambalo lilisikika safu kadhaa.

Noreen alisimama na hotuba yake mkononi. Aliitazama. Kisha akawatazama wale wa ukutani. Akaikunja hotuba.

"Namshukuru mwenyekiti," alisema. "Amesema nimetoka sekta ya nishati, na hajasema uongo. Nilikuwa kwenye nishati kwa karibu sana. Ilikuwa inapita mkononi mwangu, kwenye waya, baridi ya Januari, na nisingekuwa makini isingekuwepo sherehe leo."

Watu wakacheka kidogo, hawajui bado kama inaruhusiwa.

"Mimi ni fundi wa nyaya. Seremala aliyeanzisha chuo hiki hakujiita mtu wa sekta ya misitu. Tukiwa chuo kikuu, nitafurahi, na nitakwenda kuwaomba wahusika mimi mwenyewe. Nitaingia na kidevu hiki hiki. Niliyemaliza kusoma motelini ni mimi, na niliyewasha taa za hospitali ya Kestrel Forks usiku wa barafu ni mimi, na si watu wawili."

Walioko ukutani walianza kugonga kofia zao kwa ngumi. Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilisimama mwishoni kwa sababu magoti yangu ni mabovu, na sioni aibu kusema kwamba sikuona vizuri mbele yangu. Fahari iliyonishika siku ile sikuipata hata wanangu walipozaliwa, na mke wangu anajua, nimemwambia.

Baada ya supu, mikate ya bannock na pai za matunda ya saskatoon, Hank akatangaza kwamba kila mtu avae koti aende uwanjani. Watu wakatoka na sahani zao. Crombie pia akatoka, viatu vyake vyembamba ndani ya theluji. Kwenye nguzo ya zamani Hank akainua makucha yanayong'aa.

"Noreen Desjarlais," akasema, "umetutoa kimasomaso. Leo tunakutundikia."

Noreen akayapokea. Akaupapasa ule ukanda wa ngozi. "Nani atapanda?"

"Mimi," akasema Hank.

"Wewe Hank nimekufundisha nini?"

"Uvumilivu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nauliza kweli. Anayepanda ni mtu niliyemfundisha kazi ya nguzo. Nilihamishiwa usalama kabla sijapewa mwanafunzi hata mmoja. Yuko wapi mtu huyo?"

Ndipo nilipoiona ile kasoro, na nikataka ardhi inimeze. Nilimtazama Hank, Hank akatazama viatu vyake. Hapakuwa na mtu.

"Basi hayatundikwi," akasema Noreen. "Na hata angekuwepo nisingekubali, maana sijaacha kazi. Nimebadilishiwa nguzo tu. Nina chuo kizima cha kufundisha sasa. Siku nitakapoondoka kwenye kiti kile, mmoja wao atapanda, na mtaniona nikilia na kusingizia upepo." Akanigeukia. "Lakini watu wameshasimama kwenye baridi, bosi. Yako yako wapi?"

"Yangu yana nini?" nikasema.

"Daktari alikukataza kupanda lini?"

"Mimi bado nafundisha."

"Unafundisha ukiwa chini. Vizuri kuliko yeyote. Lakini makucha umeyaficha kabatini, na kila mtu hapa anajua kwa nini, na hakuna anayethubutu kukuambia kwa sababu ya hilo domo lako."

Nilitaka kubisha. Lakini ni kweli, sikutaka yatundikwe. Yakishakuwa juu, hayarudi, na mimi nilikuwa bado nikiamka usiku nikiota nimepanda. Nikatazama nyuso zile. Karibu nusu yao niliwahi kuwauliza wanaona nini.

"Kabati halijafungwa," nikasema.

Hank akaenda kuyaleta. Noreen akavua mkufu, akavua joho, akamwekea Crombie mikononi vyote pamoja. Crombie alivipokea, akasimama navyo vizuri kabisa, nikamsamehe nusu.

"Mkuu," nikamwambia, kwa sababu sheria ni sheria, "huwezi kupanda bila cheti hai."

"Ninafanya mtihani kila mwaka, mwezi wa nane, mkiwa likizo. Tangu nilipohama kikosi sijakosa mwaka." Alikuwa ameshainama, anafunga mikanda miguuni. "Ulidhani nani anayanoa haya?"

Akafunga mkanda kiunoni, akauzungusha nguzoni, akaning'iniza makucha yangu begani. Kisha akapanda, kwa makucha yale yale tuliyokuwa tumekuja kuyastaafisha. Hatua zake zilikuwa zilezile, fupi, magoti mbali na nguzo, bila haraka. Ncha zilikuwa zikiingia kwenye mbao kwa sauti ninayoijua kuliko sauti yangu.

Akafika juu. Akayatundika yangu karibu na ya mwalimu wangu, marehemu Stan Pruden, akaukaza ukanda, akavuta mara moja kuhakikisha. Nami nikauliza bila kukusudia, kwa mazoea.

"Unaona nini?"

Hakuangalia chini. Kijiji cha bibi yake hakionekani kutoka kwenye nguzo ile, kuna jengo la maktaba katikati. Alikuwa akitazama paa za karakana, na moshi wa jiko la wanafunzi wa upishi, na wale vijana wenye kofia ngumu wakiwa wamejaa mpaka kwenye uzio.

"Naona kwetu," akasema.

Nikawaambia walio karibu nami kwamba upepo umezidi, na Crombie akanipa kitambaa chake.