Ndugu wa Kuarifiwa

Mke ndiye aliyekuwa akimchapia mumewe wasifu wa kuombea kazi melini, maana mume ni fundi wa injini na vidole vyake vinene hugonga herufi tatu kwa mpigo. Walishamaliza meli alizopanda, vyeti, hata saizi ya ovaroli na ya buti, kwa kuwa kampuni za meli hutaka kujua yote hayo. Ikabaki sehemu moja: ndugu wa kuarifiwa likitokea jambo baharini.

"Andika dada yangu," mume akasema, akamtajia namba.

Vidole vya mke vikasita. Namba ya wifi yake aliijua kwa kichwa, na hii haikuwa yenyewe.

"Amebadilisha laini," mume akasema, macho dirishani.

"Lini? Jana si alishinda hapa?"

"Wewe ukipigiwa na kampuni utazimia kabla hawajamaliza salamu. Dada ana roho ngumu."

Mke alichukua simu yake akaipiga namba ile pale pale. Mume akaacha kutazama dirishani.

"Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa ya wifi kweli. "Namba hii nimempa kaka peke yake, nimechoka na watu. Nani kaitoa?"

Mke akakata bila kujitambulisha. Moyo ulitulia, ila nusu tu. Akaifuta namba ya wifi, akaandika yake.

"Wakikupoteza, waanze na mimi," alisema. "Kama ni kuzimia, nitazimia mwenyewe."