Strungi ya Wusi

Wakesho alifika kwao Wusi Jumamosi saa tatu asubuhi, mkebe wa Kimbo wenye buni zilizokaangwa kwapani, akakuta Muasya, mkata miti, ameshawasili kutoka Voi na msumeno wake wa petroli. Hakushtuka. Mama yake, Tryphena, alikuwa ameamua mibuni yote sitini ikatwe apande avokado, maana kahawa, alisema, imemchosha mgongo bure. Kwa simu Wakesho alikuwa ameomba jambo moja tu: asikate kabla hajanywa kikombe kimoja cha kahawa yake. Mama alikubali jinsi mtu anavyomkubalia mtoto ili aachwe alale.

Tuseme ukweli. Tryphena alichuma kahawa miaka thelathini na minane, akaibeba mgongoni hadi kiwandani, na hata siku moja hakuionja. Kinyozi hajinyoi. Nyumba ile ilikunywa chai ya maziwa, na majirani vilevile.

Wakesho, mpishi wa hoteli moja ya Voi, alijua anachokifanya. Zile buni alizichuma mwenyewe Desemba kwenye mibuni hiyo hiyo, nyekundu tupu, akazimenya, akazianika na kuzitwanga zitoke ganda la ndani. Alhamisi alizikaanga kwenye kikaango kizito, akikoroga bila kupumzika mpaka zikalia pa-pa-pa kama bisi, kisha akazipepeta zipoe upesi. Halafu akaziacha zilale siku mbili, kwa sababu kahawa iliyotoka motoni sasa hivi bado ina hasira.

Sasa, jikoni kwa mama yake, akaosha kinu kwa maji moto kitoke harufu ya tangawizi, akatwanga. Akachemsha maji, akayaacha yatulie kidogo, akayamimina polepole juu ya unga wa kahawa kwenye kitambaa cheupe. Jiko zima likanukia. Akatoka kumwomba Muasya asubiri kidogo, na hakukaa huko hata dakika tano.

Aliporudi, sufuria ilikuwa motoni. Ndani mlikuwa na kahawa yote, nusu lita ya maziwa na vijiko sita vya sukari, na vyote vinafura.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimeirekebisha. Sasa wewe ulitaka nimpee mgeni strungi? Arudi Voi aseme kwangu hakuna maziwa?"

Wakesho aliudhika mpaka masikio yakamwasha. Lakini kosa lilikuwa lake pia. Amelelewa pale, na anajua fika kwamba kumwekea mgeni kikombe cheusi ni kujitangazia umaskini. Muasya akanywa chake akamaliza, akapangusa midomo.

"Asante Mama, chai tamu sana," akasema, akaenda kuwasha msumeno.

Akiba haiozi. Ndani ya mkebe, chini kabisa, kulikuwa kumebaki konzi moja ya buni. Wakesho akaitwanga huku msumeno ukinguruma shambani. Maji yakachemka, akayasubiri yatulie vilevile, hakuyaharakisha. Safari hii alisimama kati ya kikombe na maziwa.

"Hii si ya mgeni, Mama. Ni yako. Na hakuna anayekuona."

Mama akaonja huku uso ameukunja tayari kutema. Hakutema. Akanywa tena, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kumbe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Miaka yote hiyo nabeba magunia, kuna watu wamekaa mahali wanakunywa hii?"

"Kila asubuhi, Mama."

Machozi yalimlenga Tryphena, na yalikuwa ya hasira. Akatoka na kikombe mkononi, akapita katikati ya mibuni akipiga kelele kuushinda msumeno.

"Muasya! Zima hiyo kitu! Zima!"

Muasya akazima. Mbuni mmoja ulikuwa umeshalala chini. Mama akainama akakishika kisiki chake.

"Huu utachipuka," akasema. "Wewe kata ule mkalitusi kule chini, ndio unamaliza maji ya wenzake. Kazi yako haijapotea."

Alirudi jikoni akiinamisha kikombe, tone la mwisho limwangukie ulimini.

"Hiyo strungi imebaki?"

"Imeisha, Mama. Mpaka tuchume tena."

Tryphena akakaza leso kiunoni. Akatazama juu ya kabati, akatazama nyuma ya mlango.

"Kikapu changu nani amekiweka wapi?"