Ankara Kumi na Moja

Msanifu majengo alikuwa na mjomba mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha. "Kidogo tu, mwanangu," ndiyo iliyokuwa salamu yake kila alipoingia ofisini, na kidogo yake haikuwahi kuwa kidogo. Mara jiko lihamie upande wa barabarani, mara chumba cha wageni kiongezwe dirisha, mara dirisha lenyewe lizibwe. Ada ya ramani ya nyumba yake aliilipa yote mwanzoni, na mkataba ulimruhusu mabadiliko matatu ya bure. Sasa yalikuwa yamefika kumi na manne.

Yote kumi na manne aliyachora Rula, mchoraji pekee wa ofisi ile, baba wa watoto wanne. Alikuwa na miezi miwili bila mshahara. Kila alipouliza, msanifu alimjibu, "Mjomba anatuzungusha. Vumilia." Rula akavumilia, ila mwenye nyumba wake alikataa kuvumilia. Basi Rula akasema wazi: Ijumaa akitoka mikono mitupu, Jumatatu asisubiriwe. Msanifu alijua kwamba bila Rula ofisi ingebaki meza mbili na mwanamke mmoja aliyechoka.

Na alichoka kwelikweli. Alichoka kuchekacheka na wateja, alichoka kusema "hakuna shida" wakati shida imejaa tele.

Ijumaa saa nne mjomba akaingia, kofia mkononi.

"Kidogo tu, mwanangu. Hii ngazi, tukiigeuza ianzie sebuleni?"

Msanifu akaitandaza ramani mezani. Huyu ndiye aliyemlipia karo hadi chuo; atamwambiaje habari ya bei?

Rula akaweka penseli chini.

"Mzee, samahani. Hizi ankara zetu utazilipa lini?"

"Ankara zipi?"

"Za mabadiliko. Kumi na moja."

Mjomba akamtazama mpwa wake, kisha Rula, kisha mpwa wake tena.

"Mimi sijapata ankara hata moja. Pesa nilizitenga kabisa, nikangoja. Nikaona kimya, nikasema mwanangu kanizawadia. Ukoo mzima nimeutangazia!" Akatabasamu, ana raha zake. "Basi nikazinunulia vigae vya sebuleni. Njoo uvione, vinapendeza."

Akaaga kwa furaha, akaacha mchoro wa ngazi aliouchora nyuma ya bahasha.

Msanifu hakungoja kuulizwa. Akavuta droo ya chini. Ankara kumi na moja zilikuwemo, zimechapwa, zimegongwa muhuri, kila moja ndani ya bahasha yenye jina la mjomba. Alikuwa akiiandaa kila badiliko lilipokamilika, anaishika, anaona aibu, anairudisha.

Rula akazihesabu taratibu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza msanifu zaidi.

"Miezi miwili namlaani mzee wa watu, dada. Nyumbani kwangu watoto wanamjua kwa jina baya."

"Nisamehe. Niliona haya. Ni mjomba wangu."

"Ni wako," Rula akasema. "Kwangu mimi ni mteja."

Akaifunga rula yake kwenye gazeti, akachukua koti. Mlangoni akasimama, akarudi hadi mezani, na msanifu akadhani anabaki. Rula akaiokota ile bahasha ya ngazi, akamwekea mkononi.

"Hii ya kumi na tano utaichora mwenyewe," akasema. "Ila ankara yake itume."